Brunello di Montalcino: mvinyo mwekundu wa Italia unaouzwa pamoja na umri wake

Brunello di Montalcino ni mvinyo mwekundu unaotengenezwa katika eneo moja tu la Italia, yaani mji mdogo wa Montalcino na vitongoji vyake, mkoani Siena katika jimbo la Toscana. Hutengenezwa kwa aina moja tu ya zabibu, iitwayo Sangiovese. Kwa mujibu wa kanuni zake, hauruhusiwi kuuzwa kabla ya tarehe 1 Januari ya mwaka wa tano baada ya mwaka wa mavuno.

Kwa mfanyabiashara, mwenye hoteli au mnunuzi wa kawaida, kanuni hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Anayelipia chupa ya Brunello analipia miaka ya kungojea. Miaka hiyo haionekani kwa macho, na inaweza kupotea kwa njia nyingi: kwa udanganyifu wa mtengenezaji, kwa joto la kontena bandarini, au kwa kuandaliwa na chakula kisichofaa. Makala haya yanaeleza miaka hiyo hufanya nini ndani ya mvinyo, chakula gani kinaendana nao, na mambo gani ya kuangalia kabla ya kutoa fedha.

MAHALI UNAPOTOKA

Montalcino umejengwa juu ya kilima chenye urefu wa mita 564 kutoka usawa wa bahari, kiasi cha kilomita 40 kusini mwa mji wa Siena. Wakazi wake hawafiki 6,000. Eneo linalotoa mvinyo huu lina umbo la kukaribia mraba na limepakana na mito ya Ombrone, Asso na Orcia. Upande wa kusini umesimama mlima Amiata, wenye urefu wa mita 1,738, ambao hukinga mashamba dhidi ya dhoruba na mvua ya mawe.

Mashamba hayako katika hali moja. Upande wa kaskazini kuna ubaridi kidogo, zabibu huiva polepole, na mvinyo wake huwa mwembamba wenye harufu nzuri. Upande wa kusini, karibu na vijiji vya Sant'Angelo in Colle na Castelnuovo dell'Abate, jua ni kali zaidi na mvinyo huwa mzito wenye nguvu. Kwa hiyo chupa mbili za Brunello za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana sana, ingawa zote ni halali.

Msomaji anayezijua zabibu za Dodoma, ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka, akumbuke kwamba mzabibu wa Montalcino huzaa mara moja tu. Mavuno hufanyika Septemba na mara nyingine huendelea hadi Oktoba. Mwaka ukiharibika kwa mvua au kwa ukame, hakuna mavuno ya pili ya kufidia hasara.

HISTORIA KWA UFUPI

Katika karne ya 19 mvinyo mwekundu wa Toscana kwa kawaida ulichanganywa zabibu za aina mbalimbali, ukanywewa ukiwa bado mchanga. Huko Montalcino mtu aitwaye Clemente Santi alianza kufanya majaribio ya mvinyo wa kukaa muda mrefu. Mjukuu wake, Ferruccio Biondi Santi, akachagua mizabibu bora ya Sangiovese katika shamba la familia na kutengeneza mvinyo wa zabibu hiyo peke yake. Mavuno ya mwaka 1888 ndiyo yanayohesabiwa kuwa mwanzo wa Brunello tunaoujua. Jina lenyewe lilikuwa jina la wenyeji kwa zabibu hiyo, kutokana na rangi yake ya kahawia iliyokoza.

Kwa miongo mingi mvinyo huo ulibaki kuwa shughuli ya familia chache. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakulima wengi waliokuwa wakigawana mavuno na wenye ardhi waliacha mashamba wakahamia mijini, na Montalcino ikawa miongoni mwa sehemu maskini za mkoa wake. Katikati ya miaka ya 1960 mashamba ya Brunello yalikuwa hayajafika hekta 100.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya sheria. Mwaka 1966 Brunello ulipewa hadhi ya DOC, yaani jina la mahali linalolindwa kisheria. Mwaka 1967 wazalishaji waliunda jumuiya yao, iitwayo Consorzio. Mwaka 1980 mvinyo huu ukawa miongoni mwa ya kwanza kabisa nchini Italia kupewa hadhi ya juu zaidi ya DOCG, ambayo huongeza dhamana ya serikali juu ya kila chupa. Leo eneo hilo dogo lina wazalishaji zaidi ya 200 na hekta zipatazo 2,100 zilizosajiliwa kwa ajili ya Brunello. Mji uliokuwa ukikimbiwa na vijana sasa unaishi kwa mvinyo na kwa wageni wanaoufuata mvinyo huo.

KANUNI ZINASEMAJE

Kanuni za Brunello ni fupi lakini kali. Zilizo muhimu kwa mnunuzi ni hizi:

- Zabibu ni Sangiovese kwa asilimia 100, na zote zimelimwa ndani ya eneo la Montalcino.
- Mavuno hayazidi tani 8 za zabibu kwa hekta, kiasi kinachotoa chupa zipatazo 7,000.
- Mvinyo hukaa ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni kwa muda usiopungua miaka 2.
- Baada ya hapo hukaa ndani ya chupa kwa muda usiopungua miezi 4, au miezi 6 kwa daraja la Riserva.
- Huuzwa kuanzia tarehe 1 Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Riserva huuzwa kuanzia mwaka wa sita.
- Kukomaza na kujaza chupa hufanyika humo humo ndani ya eneo.

Kwa mfano, mvinyo wa mavuno ya 2019 uliruhusiwa kuuzwa kuanzia Januari 2024, na Riserva ya mwaka huo kuanzia Januari 2025.

Tuone hesabu yake kibiashara. Mkulima anayetengeneza chupa 10,000 kwa mwaka, mwishoni mwa Desemba huwa na mavuno ya miaka mitano ndani ya ghala lake, yaani sawa na chupa 50,000 ambazo hazijauzwa hata moja. Mishahara, mapipa, kodi na riba ya benki vinaendelea kulipwa wakati wote huo. Hii ndiyo sababu kubwa ya bei ya Brunello kuwa juu. Ndiyo sababu pia ulikuwepo mvinyo wa pili, Rosso di Montalcino, uliopewa hadhi ya DOC katika miaka ya 1980. Huo hutengenezwa kwa zabibu hiyo hiyo ya Sangiovese, lakini huuzwa kuanzia tarehe 1 Septemba ya mwaka unaofuata mavuno. Mkulima hupata fedha mapema, na mnunuzi hupata mvinyo mwepesi kwa bei ambayo mara nyingi haifiki nusu ya ile ya Brunello.

MKASA WA 2008

Umri na usafi wa zabibu ni ahadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya chupa, na mnunuzi hana njia rahisi ya kuihakiki kwa ulimi. Mwaka 2008 ahadi hiyo ilitiliwa shaka. Waendesha mashtaka wa Siena walianza kuchunguza baadhi ya wazalishaji waliotuhumiwa kuchanganya zabibu nyingine ndani ya mvinyo uliouzwa kwa jina la Brunello, hasa wa mavuno ya 2003, mwaka uliokuwa na joto kali. Lita nyingi zilizuiliwa maghalani, na baadhi ya mvinyo ukashushwa daraja na kuuzwa kwa jina la chini zaidi.

Pigo zito lilitoka nje ya nchi. Marekani, ambayo ndiyo soko kubwa la nje la Brunello, mnamo Juni 2008 ilidai uthibitisho kwamba kila shehena ni ya Sangiovese tupu, la sivyo isingeingia. Wazalishaji wasiohusika kabisa na tuhuma hizo nao walijikuta wakitakiwa kuthibitisha uaminifu wao.

Baadhi walipendekeza kanuni ilegezwe, zabibu za kigeni kama Merlot na Cabernet ziruhusiwe kwa kiasi kidogo. Zabibu hizo huongeza rangi na ulaini, na mvinyo huuzika mapema. Oktoba 2008 wanachama wa Consorzio walipiga kura, na zaidi ya asilimia 90 wakakataa. Mwaka 2011 wakakataa tena pendekezo kama hilo kuhusu Rosso di Montalcino. Walichotetea ni jina lao: ukishabadilisha kilichomo ndani ya chupa, jina la nje halina thamani tena.

Tukio jingine lilionyesha hatari ya kuhifadhi mali kwa miaka mingi mahali pamoja. Desemba 2012 mtu aliingia usiku katika ghala moja la Montalcino, akafungua mapipa na kuuacha mvinyo umwagike. Zaidi ya lita 60,000 zilipotea, zikiwa ni mavuno ya miaka sita, kuanzia 2007 hadi 2012. Hakuna fedha zinazoweza kuirudisha mali ya namna hiyo sokoni kesho yake. Lazima mtu asubiri miaka mingine.

TABIA YA MVINYO HUU

Mvinyo mwekundu hupata rangi na ukakasi kutoka kwenye maganda ya zabibu. Ukakasi huo husababishwa na kitu kiitwacho tanini. Anayekunywa chai ya rangi iliyokaa sana na majani yake anaujua: ulimi hukauka na fizi hukaza. Sangiovese ina tanini nyingi na pia uchachu mwingi wa asili. Rangi yake haikolezi sana. Ni nyekundu inayopenya mwanga, na baada ya miaka pembeni mwa glasi huonekana rangi ya matofali.

Ukiwa mchanga, Brunello ni mgumu. Hunukia cheri chachu, maua na viungo, lakini tanini zake hukamata mdomo. Ndani ya pipa hewa kidogo sana hupenya kwenye mbao. Hewa hiyo husaidia tanini kuungana na kuwa nzito, na ukakasi hupungua. Zile zilizoungana sana huanguka chini ya chupa na kuwa mashapo. Ndiyo maana chupa ya miaka 15 huwa na vumbi jeusi chini yake, na hiyo si dalili ya kuharibika.

Wakati huo huo harufu hubadilika. Tunda bichi hugeuka kuwa tunda lililokaushwa. Kisha hufuata harufu ya ngozi iliyotengenezwa, tumbaku, majani makavu, udongo baada ya mvua na uyoga. Uchachu haupotei, na huo ndio unaoufanya mvinyo uendelee kuwa hai mdomoni hata unapozeeka. Kilevi chake kwa kawaida ni kati ya asilimia 13.5 na 15.

Aina ya pipa nayo huleta tofauti. Watengenezaji wa jadi hutumia mapipa makubwa ya mwaloni kutoka Slavonia, nchini Croatia, yenye ujazo wa maelfu ya lita. Mbao za pipa kubwa huugusa mvinyo kidogo tu, hivyo ladha ya zabibu hubaki mbele. Wengine hutumia mapipa madogo ya Kifaransa ya lita 225, ambayo huongeza harufu ya vanila na moshi. Mnunuzi aulize ni pipa gani limetumika, kwa sababu jibu hilo litamwambia mengi kuhusu chakula cha kuuandalia.

Brunello wa kawaida wa mwaka mzuri hufikia ubora wake kati ya miaka 10 na 20 baada ya mavuno. Riserva huweza kwenda mbali zaidi. Mwaka 1999 jarida la Marekani la Wine Spectator liliuweka Riserva wa mwaka 1955 wa familia ya Biondi Santi katika orodha yake fupi ya mivinyo bora ya karne ya 20.

MWAKA WA MAVUNO

Kwa miaka mingi Consorzio ilitoa nyota kwa kila mavuno, kuanzia 1 hadi 5. Mavuno ya 2010, 2015 na 2016 yalipata nyota 5. Yale ya 2002, mwaka wa mvua nyingi, yalipata nyota 2, na ya 2014 nyota 3. Mwaka mzuri unafaa kuhifadhiwa. Mwaka wa kati mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu na huwa tayari kunywewa mapema, jambo linalofaa mgahawa usio na ghala la kuhifadhia. Nyota nyingi hazimaanishi kwamba chupa iko tayari leo. Mara nyingi ni kinyume chake.

CHAKULA KINACHOENDANA NAO

Kanuni ya msingi ni nyepesi. Tanini hutafuta protini ya kushikamana nayo. Ikikosa protini ya chakula, hushikamana na mate, na mdomo hukauka. Ikipata nyama, mafuta na chumvi, hutulia, na mvinyo huonekana laini. Uchachu nao hukata mafuta, mdomo ukawa safi kwa tonge linalofuata. Chakula na mvinyo vinasaidiana.

Wenyeji wa Toscana hawakuhitaji maelezo ya kisayansi. Vyakula vyao vinavyoendana na Brunello ni hivi:

Nyama ya ng'ombe ya kuchoma. Maarufu zaidi ni bistecca alla fiorentina, kipande kinene chenye mfupa, hasa kutoka kwa ng'ombe weupe wakubwa wa aina ya Chianina. Huchomwa juu ya makaa kwa muda mfupi, ndani kikabaki chekundu, kisha hutiwa chumvi na mafuta ya zeituni. Hiki kinafaa Brunello wa miaka 6 hadi 10, ambao tanini zake bado zina nguvu.

Nguruwe mwitu. Misitu ya Montalcino ina nguruwe mwitu wengi. Nyama yao hupikwa polepole kwa mvinyo, vitunguu na majani yenye harufu, kisha huliwa pamoja na pinci, tambi nene zinazoviringishwa kwa mkono. Mchuzi mzito wa namna hii unahitaji mvinyo wenye nguvu wa upande wa kusini.

Ndege wa kuoka, kama njiwa na kanga. Nyama yao ina ladha kali kuliko kuku wa kawaida, na inafaa Brunello wa miaka 10 hadi 15 wa upande wa kaskazini.

Uyoga. Brunello uliozeeka una harufu ya uyoga na udongo, hivyo uyoga wa porini uliokaangwa kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu huupokea vizuri. Hiki ni chakula cha kuwafaa wageni wasiokula nyama.

Jibini gumu lililokaa muda mrefu. Jibini la maziwa ya kondoo kutoka Pienza, mji ulio jirani, ndilo la kwanza kutajwa. Parmigiano iliyokaa miaka miwili au zaidi nayo inafaa. Jibini laini na bichi halifai.

Chupa iliyozeeka sana, ya miaka 20 au zaidi, isipewe chakula chenye kelele. Nyama ya kuoka isiyo na viungo vingi inatosha, au jibini peke yake. Mvinyo wa umri huo huongea kwa sauti ndogo, na mchuzi mkali utaufunika.

KATIKA MEZA ZA UKANDA WETU

Waitalia si wageni katika pwani ya Afrika Mashariki. Malindi na Watamu zimekuwa na wakazi na watalii wengi kutoka Italia kwa miongo kadhaa, na karibu na hapo, Ngomeni, Italia ilirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco kuanzia mwaka 1967. Hoteli za Zanzibar nazo hupokea Waitalia wengi. Mhudumu wa meza katika sehemu hizo anaweza kabisa kuulizwa Brunello uliwe na nini, huku orodha ya chakula iliyo mbele yake ikiwa ya pwani.

Nyama choma ya ng'ombe au ya mbuzi, yenye chumvi tu, ni jibu zuri. Ugali na ndizi za kuchoma haziuingilii mvinyo. Mishkaki inafaa kama haikulowekwa kwa ukwaju na pilipili nyingi. Kachumbari yenye ndimu na pilipili iwekwe pembeni, kwa sababu uchachu wa ndimu huufanya mvinyo uonekane mchovu.

Pilipili kali haifai. Huzidisha ule moto wa kilevi na ukakasi wa tanini, na mgeni hataonja mvinyo wala chakula. Samaki wa kupaka na michuzi ya nazi pia si mahali pake. Tui ni tamu, na utamu huufanya Brunello uonekane mchungu. Kwa samaki kuna tatizo la ziada, kwani chuma kilichomo katika mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki na kuacha mdomoni ladha ya shombo. Mgeni anayetaka pweza au changu ashauriwe mvinyo mweupe. Atashukuru, na chupa ya bei kubwa itamngoja siku ya nyama.

NJIANI NA GHALANI

Miaka mitano ya ghala la Montalcino inaweza kuharibiwa kwa wiki mbili za joto. Mvinyo ukipata joto la kuzidi nyuzi 30 hutanuka, husukuma kizibo, na ukipoa hunyonya hewa. Matunda hupotea na hubaki ladha ya kitu kilichopikwa. Karatasi ya chupa haitaonyesha chochote. Dalili za nje ni kizibo kilichochomoza na michirizi ya mvinyo chini ya kifuniko.

Kwa hiyo anayeagiza Brunello kwenda Mombasa au Dar es Salaam aulize mapema kuhusu kontena la baridi, hata kama nauli yake ni kubwa zaidi. Njia ya kawaida hupita Mfereji wa Suez na Bahari ya Sham, ambako joto ni kali. Kuanzia mwishoni mwa 2023, kutokana na mashambulizi katika Bahari ya Sham, mashirika mengi ya meli yalizungukia Rasi ya Tumaini Jema, safari ndefu inayopita ikweta. Shehena inayoendelea kwa lori hadi Kampala, Kigali, Bujumbura au Goma hukabili siku nyingine za jua barabarani na kwenye foleni za mpakani. Nyaraka ziwe tayari kabla lori halijafika. Katika orodha ya forodha mvinyo wa zabibu uko kwenye fungu la 2204, na ule ulio katika chupa zisizozidi lita 2 uko kwenye 2204.21. Ushuru wa bidhaa na leseni za vileo hutofautiana baina ya nchi na nchi, hivyo wakala wa forodha wa kila upande aulizwe.

Ghalani, chupa zilazwe ubavu ili kizibo kisikauke, mahali penye giza, pasipo mtikisiko, na joto la nyuzi 12 hadi 15 lisilobadilika. Rafu iliyo juu ya baa, karibu na taa na mashine ya kahawa, ni mahali pabaya kuliko pote.

NAMNA YA KUUANDAA

Vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba kinachokusudiwa ni cha Ulaya. Brunello unywewe ukiwa na nyuzi 18 hivi, na katika mji wa pwani wenye nyuzi 30 hiyo ina maana ya kuuweka kwenye jokofu kwa muda mfupi kabla ya kuufungua.

Chupa yenye mashapo isimamishwe wima siku moja kabla. Mvinyo wa miaka 6 hadi 12 umiminwe polepole kwenye jagi la kioo saa moja au mbili kabla ya chakula, ili upate hewa. Mvinyo wa miaka 20 umiminwe wakati ule ule wa kunywa, kwani harufu zake hupotea haraka. Glasi iwe kubwa na isijazwe zaidi ya theluthi moja.

KABLA YA KULIPA

Mnunuzi aangalie mambo yafuatayo:

- Maneno "Brunello di Montalcino" pamoja na "Denominazione di Origine Controllata e Garantita". Neno "Toscana" au "Sangiovese" peke yake si Brunello.
- Mwaka wa mavuno. Chupa inayodai kuwa Brunello lakini haijafikisha umri wa kuuzwa ni ya uongo.
- Ukanda wa karatasi wa serikali shingoni mwa chupa, wenye namba yake. Kila chupa ya DOCG lazima iwe nao.
- Maneno yanayoonyesha kwamba chupa imejazwa huko huko Montalcino.
- Kiwango cha mvinyo shingoni. Kikiwa chini sana kwa chupa changa, kizibo kimevuja.
- Historia ya safari: ilitoka lini, kwa kontena gani, na ilikaa wapi.

Muuzaji anayeweza kujibu swali la mwisho kwa nyaraka anastahili kulipwa bei yake. Asiyeweza anauza jina tu, na kwa mgahawa unaoanza ni afadhali kununua Rosso di Montalcino kwa muuzaji mwaminifu kuliko Brunello usiojulikana umelala wapi.